Nesi Anasema Macho Yangu Mazima, Kaka Anakataa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana siku hizi hata kukaa kitini nashindwa, nakaa dakika mbili nasimama. Mimi naendesha winchi kwenye ujenzi wa maghorofa, na zamani nilivaa miwani minene mpaka nikafanyiwa upasuaji wa leza nikaachana nayo, sasa nilipoomba kazi hii fomu iliuliza kama nimewahi kupasuliwa macho nikaandika hapana, nikihofia kuachwa. Kila mwaka nesi wa kampuni anatupima presha ya macho kwa kale kamashine kanakopuliza hewa, yangu inasoma kumi na moja, kumi na mbili, ananisifu. Lakini kaka yangu mkubwa presha hiyohiyo ilimpofusha taratibu bila maumivu, leo anatembea ameshika bega la mkewe. Mwezi uliopita nilikwenda kwao nikapiga kumbo glasi iliyokuwa kushoto kwangu, shemeji akasema si mara ya kwanza. Kaka akauliza, "Hao wanaokupima wanajua ulipasuliwa?" Nikasema hawajui. Akasema, "Basi hawajakupima."

Tangu hapo situlii, nafumba jicho hili nafungua lile, na wiki iliyopita nilizungusha mzigo wa nondo kushoto nisimwone fundi aliyekuwa pale ghorofani, hadi msimamizi aliponipigia kelele kwenye redio. Nilimwambia jua lilinipiga usoni. Mke wangu ni mjamzito na nikisema ukweli nitafukuzwa. Je, nikapimwe kimyakimya?

Mwendesha winchi

Ndugu yangu, pole. Hofu yako naielewa, uongo wako siuelewi.

Nimemuuliza daktari wa macho, naye anakubaliana na kaka yako. Leza hukipunguza unene kioo cha mbele cha jicho, na kioo chembamba husukumika kirahisi, hivyo mashine husoma chini kuliko presha iliyomo. Kumi na mbili yako huenda ni kubwa zaidi, na hakuna namba moja ya kuongeza inayomfaa kila mtu. Anayejua ulipasuliwa atapima unene wa kioo, atatumia kifaa kingine, atachungulia mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho na kupima unavyoona pembeni. Asiyejua atakusifu kama nesi wako.

Sasa unataka kumficha na daktari? Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, pamoja na habari ya kaka yako, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea ndani ya familia.

Kesho usipande winchi. Mwambie msimamizi macho yako yana shida na lile halikuwa jua. Nenda ulikopasuliwa ukachukue vipimo vya kabla ya leza, upeleke hospitali ya macho wiki hii hii. Mkeo mwambie leo. Fomu irekebishe mwenyewe kwa maandishi, usingoje kugunduliwa.

Huenda wakakushusha kwenye winchi. Utashuka kwa miguu yako, na yule fundi jioni atashuka kwa yake.