Maji ya Kusuuza na Kile Kiwanja Chetu

Mpendwa Baba Mutheu,

Kwanza pokea lawama, salamu zitafuata. Tangu tukuzike kwetu Tala umeniachia kazi ya kubeba ndoo, na magoti yangu unayajua.

Unakumbuka tulipohamia hapa Athi River, ng'ambo ya barabara palikuwa na kile kiwanja cha mawe na upepo, viwanda vimekizunguka pande tatu? Mimi niliona vumbi. Wewe uliona kivuli, hata kabla mti mmoja haujaota. Ukaleta miche ya mukau kutoka nyumbani, ule mti wetu usioogopa ukame, ukaipanda kwenye ardhi ya umma kana kwamba ni shamba la baba yako. Na maji ukayatafuta kwenye beseni langu. Kila Jumamosi nikimaliza kufua, nikigeuka tu, maji ya kusuuza hayapo! Nami niliyaweka ya kuosha veranda.

"Veranda itangoja, Mama Mutheu," unanijibu, tayari uko barabarani.

Nilikuita mwizi mbele ya majirani, ukacheka mpaka maji yakamwagika. Nilikupenda sana ukicheka hivyo. Sikukwambia, maana ungezidi kuiba.

Na vita vyako na Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi! Mbuzi wake akionja jani moja tu, unatoka mbio na kandambili mguu mmoja, kelele hadi msikitini wanasikia. Jioni mnakunywa chai kwake pamoja, na mimi nangoja chakula kikipoa.

Sasa sikiliza. Mwaka huu walikuja watu na bikoni, vile vigingi vya kupimia ardhi. Kampuni moja ilitaka kujenga kiwanda cha mabati pale pale kwenye miti yako. Usingizi ulinipaa. Watoto wangechezea wapi? Na mimi Jumapili ningekaa wapi na kiondo changu, nikisuka na kukusimulia mambo ya wiki? Kaburi lako liko Tala, lakini hapa ndipo ninapokukuta.

Tukaitwa mkutano wa kutoa maoni. Binti yetu Mutheu akaja kutoka Syokimau, akakaa kando yangu. Kijana wa kampuni akasema, kwa adabu kabisa, kwamba ardhi ile ni tupu, haina anayeitumia. Nikashika kiti niinuke, lakini kuna aliyenitangulia. Akasimama Abdi.

"Ati tupu? Mimi na mbuzi zangu tumefukuzwa hapo miaka mingi na mzee ya huyu mama. Kama hakuna mtu, mimi nilikuwa nafukuzwa na nani?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata yule kijana. Halafu watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Huyu mwanawe alijifunza kutembea pale, yule alichumbiwa chini ya mukau wako. Abdi alikaa akajifuta macho. Mimi nililia waziwazi, kwa furaha, na kwa uchungu kwamba hukuwepo kusikia.

Kaunti imeamua, Baba Mutheu. Kiwanja kinabaki cha watu. Bikoni zimeng'olewa, mabenchi yamewekwa, na wamevuta mfereji hadi katikati, na kuna mtu wa kumwagilia miti.

"Mum, sasa pumzika," Mutheu akaniambia. "Hiyo maji yako osha nayo veranda."

Jumamosi iliyopita nilifua, nikasuuza, na beseni likabaki mbele yangu limejaa. Tangu tuhamie hapa, ilikuwa mara ya kwanza maji yale kuwa yangu. Nilikuwa nimeushinda ugomvi wetu, na sikujua la kufanya na ushindi wenyewe. Kisha nikajaza ndoo, nikavuka barabara polepole, nikamwagia ule mche mdogo ulioupanda kabla hujaugua.

Veranda itangoja.

Pumzika, mwizi wangu.

Mkeo,
Mama Mutheu