Koili ya Tatu

Ilala, Jumapili

Mke mwenzangu Zuhura,

Marahaba. Huku tuko wazima. Babu yako anakohoa kidogo, ila kunibishia hajaacha. Unauliza kama uache ufundi magari uhamie ushonaji, kwa sababu wavulana wa chuoni wanakupa tochi umulike huku wao wakifungua injini.

Enzi naendesha kirikuu, nabeba mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, gari lilianza kumisi, linatetemeka kama lina homa. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani akabadilisha plagi zote nne. Likatetemeka vilevile. Akasema basi koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimekufa. "Mama, kaa kwenye benchi unywe soda, tukatafute mpya."

Sikukaa. Nilimwambia awashe injini, nikawa nachomoa waya wa koili moja moja. Ya kwanza, injini ikazidi kuyumba. Nikarudisha. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu nilipochomoa, injini haikushtuka hata kidogo. Ya nne, ikayumba tena.

"Maiti ni huyu mmoja," nikamwambia. "Hawa wazima watatu unawazika wa nini?"

Tukabadilisha ile moja, gari likanguruma, nami nikaondoka na koili mbovu mkononi, maana spea iliyofunguliwa kwenye gari langu ni yangu.

Ufundi sikuusomea. Nilijua tu gari langu linavyolia.

Koili hiyo nimekufungia kwenye kifurushi hiki. Wakikupa tena tochi, wape hiyo, waifunge kwenye injini wakuambie nzima au imekufa. Atakayeshindwa, tochi ashike yeye.

Bibi yako