Banio Si Bwawa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua tangu mvua zikatike. Mimi mwili u salama, ila moyo umechachamaa, na sababu utaijua kabla hujafika chini ya karatasi.

Nilipata ujumbe wako kwamba nimsikilize mjomba, kwa kuwa ndiye kaka yako wa pekee na ndiye aliyeniingiza kwenye ofisi ya kamusi anayoiongoza. Mama, nimemsikiliza mpaka masikio yamechoka.

Shamba la maua la huko bondeni linawashtaki kwamba nyinyi wa juu mmejenga bwawa bila kibali, kwa hiyo mawe yote yang'olewe. Nyinyi mkajibu kwamba lile ni banio. Hakimu hakulijua neno, akaiandikia ofisi yetu tumweleze maana yake na lilikotoka. Kazi nikapewa mimi. Nilifurahi kama mtoto, maana safari hii nililipwa kueleza kitu nilichokuwa nikikijenga upya kila mwaka kwa mikono yangu.

Niliandika kwamba neno linatokana na kubana. Mawe na magogo hupangwa kukatiza mto ili maji yapande kidogo yaingie mferejini, na katikati huachwa pengo ili wa chini nao wapate. Mjomba akayafuta yote kwa kalamu nyekundu, akaandika kwamba banio ni bwawa dogo la kuziba mto. Nilimuuliza hilo kuziba kalitoa wapi. Nikamwambia mtu aliyebanwa kwenye foleni bado anapumua, lakini aliyezibwa pua na mdomo tunakwenda kumzika. Hakucheka. Alisema mwenye shamba la maua ndiye anayegharamia uchapaji wa kamusi, na neno moja halijawahi kuua mtu.

Kaka yako huyo huyo, Mama. Si wewe uliyenisimulia jinsi babu alivyompokonya jiwe mkononi alipotaka kuliziba pengo mwaka wa ukame? Amesomeshwa kwa mahindi ya mfereji ule, leo anajifanya hajui. Nilikasirika, na hadi sasa sijapoa.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Barua ya mjomba haikwenda peke yake. Nimempelekea hakimu ya kwangu, yenye jina langu na sahihi yangu, nikaeleza na kwa nini hazifanani. Kisha nikaziweka funguo za ofisi mezani kwa mjomba, nikatoka. Kazi sina tena, na msamaha siombi. Najua utasema nimemvua nguo kaka yako mbele za watu. Alijivua mwenyewe, mimi nimewasha taa tu.

Jumatatu hakimu anakuja kuuona mto. Nasikia umepanga kushinda ndani, usije ukaonekana unampinga ndugu yako. Mimi nitasimama juu ya mawe, upande wa nyumbani, miguu majini. Nakuomba uje usimame ng'ambo ya pengo, hakimu aone maji yakipita kati yetu.

Nisalimie dada na wanawe, na umwambie aniwekee viatu vya mpira. Ukija, njoo na fimbo yako, mawe yanateleza.

Ni mimi kitindamimba wako,
yule uliyeshindwa kumfundisha kunyamaza.