Flashi ya Wifi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na wifi yangu je? Sisi huku ni wazima wa kusimama. Ukituuliza kama tuna nguvu za kukimbia, tutakuomba uulize siku nyingine. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka linanyamaza, naye ameshaacha kulishangaa. Baba anakula uji mzito na viazi vya kuponda, kidonda cha koo kimefunga vizuri, na daktari amesema hahitaji kumwona mpaka baada ya miezi mitatu. Bado anatuandikia kwenye daftari kila anachotaka kusema. Juzi aliandika kwamba tangu apoteze sauti Mama ameshinda mabishano yote humu ndani, na bado hajaridhika.

Mimi nimechoka, kaka. Mchana kutwa niko masjala nikitafuta majalada ambayo wakubwa wameyasahau kwenye magari yao, na nikirudi nyumbani nakaa kwenye kompyuta kuchapa mitihani ya shule na barua za watu za kuomba kazi. Lakini uchovu huo ni wa kawaida, ukilala unapungua. Huu mwingine haupungui, na ndio ulionifanya nikuandikie kwa mkono, hapa juu ya dawati la ofisi, wenzangu wakiwa wameenda kula. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kukimbilia habari nyingine.

Unajua nilivyokuwa naitunza ile kompyuta. Ulipotuachia ulisema ni kuukuu na inahitaji kulindwa kuliko mpya, nami nikaiwekea sheria kali kuliko za masjala. Ya kununua hatukuweza, kwa hiyo programu ya kuzuia virusi ilikuwa ile ya bure, inayokukumbusha kila asubuhi kwamba wenye pesa wana iliyo bora. Kuapdeti nilifanya mara moja kwa mwezi, siku ya kununua bando, na siku hiyo Mama alikatazwa tamthilia yake. Barua pepe za nisiowajua sikufungua, hata zikisema nimeshinda gari. Neno la siri lilikuwa refu mpaka Baba akaniuliza kama ni shairi. Na kila mteja aliyeleta kazi kwenye flashi, flashi yake niliipima kwanza, mwenyewe akiwa amesimama hapo amenuna kama mtu anayepekuliwa mkoba getini.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na sauti za Baba. Zile siku kumi na moja kabla ya upasuaji ulipokaa naye sebuleni ukimrekodi humohumo kwenye kompyuta, akimtaja kila mjukuu kwa jina lake, akisimulia jinsi Mama alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali, Mama akipiga kelele kutoka jikoni kwamba ni mara tatu. Nakala nyingine niliiweka kwenye diski ya nje. Nilijua kwamba ukishamaliza kunakili, diski unaichomoa na kuiweka kando. Mimi niliiacha imechomekwa miezi yote, kwa sababu tundu lake lilikuwa limelegea na niliogopa nikiichomoa na kuichomeka tena litakufa kabisa, nami sikuwa na cha kumlipa fundi. Nikajiona hodari wa kubana matumizi.

Yaliyofuata unayajua. Wifi alikuja kumwona Baba, akalala siku mbili, na Jumapili akachomeka flashi yake kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Jumatano nilipowasha kompyuta nikakuta mafaili yote yamefungwa, na tangazo jekundu linadai malipo ili yafunguliwe. Diski nayo, kwa kuwa ilikuwa imechomekwa, ilifungwa vilevile. Fundi alisema tusiwalipe wezi, kwani wengi wanalipa na hawarudishiwi kitu, akaifuta mashine yote tukaanza upya. Baba aliandika kwamba sauti yake aliitumia miaka sabini, na aliyetaka kumsikia alikuwa na muda wa kutosha. Mama alilia siku nzima. Alipomaliza kulia akasema ni flashi ya mke wa mwanawe.

Tangu siku hiyo Mama akipiga simu kwenu anawaulizia watoto tu, na wifi akishika simu Mama anadai uji unafurika jikoni. Uji gani huo wa kufurika kila Jumapili? Nawe uliniambia kwamba mligombana mbele ya watoto, kwamba ulimwita mzembe na neno jingine ambalo hukutaka kulirudia, na kwamba siku hizi mnazungumza habari za ada na gesi basi. Likizo imepita, wifi hakuja. Mimi nilikuwa nasikiliza yote hayo na kuitikia.

Wiki iliyopita wifi aliniletea ujumbe kwenye anwani yangu ya ofisini. Amenunua programu ya kuzuia virusi, ile ya kulipia, ya mwaka mzima, na akanitumia namba za kuifungulia. Amesema alifuma vitambaa akaviuza kazini kwake mpaka pesa ikatimia, na hajakwambia. Amesema hakumbuki flashi yake iliambukizwa wapi, lakini kwa kuwa sote tunasema ni yeye, basi atakuwa ni yeye. Akaniomba nimwombee radhi kwa Baba, kwa sababu yeye mwenyewe hana uso wa kumwandikia.

Nilisoma ujumbe huo nimesimama katikati ya makabati ya majalada, nikakaa chini sakafuni. Msimamizi wangu akadhani nimepandwa na presha.

Kaka, flashi ya wifi ilikuwa safi. Niliipima kwa mkono wangu, yeye amesimama pembeni ananicheka kwamba hata ndugu napekua, na haikuwa na kitu. Yeye aliondoka Jumatatu. Jumanne mimi nilirudi na programu ya kusafisha sauti niliyopewa na mwenzangu hapa ofisini, yule tunayemwita Bwana Bure, maana hakuna programu duniani aliyowahi kuilipia. Nilitaka kuondoa kelele za wachomelea vyuma wa jirani kwenye sauti ya Baba, nikutumie ikiwa safi, ufurahi. Maelekezo yalisema uzime kinga kwanza. Kinga ilinionya mara mbili. Mara zote mbili nikaibonyeza inyamaze, kisha nikaizima, mimi ninayewapekua watu flashi zao kama polisi. Kikulacho ki nguoni mwako, na ndani ya nguo hizo nilikuwa mimi.

Fundi aligundua. Aliniuliza tukiwa wawili tu ni nani aliyezima kinga Jumanne, na nikamwomba asimwambie mtu. Kisha Mama aliposema ni flashi, nikajibu, huenda. Neno hilo moja tu. Nilidhani litapita kwa siku mbili tatu, na wifi yuko mbali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuhisi uzito wake mpaka nilipoona ameubeba na kuniongezea zawadi juu.

Leo asubuhi kabla ya kuja kazini nimewaambia. Mama amekwenda kukaa chumbani. Baba ameandika akiniuliza nimelijua jambo hili kwa muda gani. Nimemjibu, tangu siku ya kwanza, miezi minne sasa. Akasubiri kama nina la kuongeza, kisha akalifunga daftari na kulisogeza mbali naye. Nimeaga nikaondoka.

Naomba umsomee wifi barua hii yote, usiruke mstari, na watoto wawepo, kwa kuwa ugomvi waliusikia. Ukinikasirikia ni haki yako. Zile namba alizonitumia sijazigusa, na sitazigusa mpaka yeye mwenyewe aseme. Kompyuta inaendelea na ile kinga ya bure, imewashwa, na diski nimeichomoa; tundu limekufa kama nilivyoogopa, basi na life.

Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Wifi usimpe salamu zangu. Nitazileta mwenyewe Jumamosi ijayo kwa basi la kwanza, na nitasimama hapo mlangoni mpaka aamue kama ananifungulia.

Ni mimi,
mdogo wako.