Kijiji Nilichomsomea Shosho

Jumamosi. Joto limeanza mapema hapa DeSoto, Amerika, na sitaki kutoka chumbani.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Ninakijua vizuri kijiji kimoja kidogo cha Uskoti kuliko ninavyokijua kijiji alikozaliwa mama yangu. Sijafika Uskoti, nimesoma tu. Najua makaburi yake yamechongwa mafuvu, na kwamba nje ya kanisa kuna jiwe zito ambalo vijana wa zamani walilinyanyua kuonyesha wamekuwa wanaume. Mto wa kwa Shosho, bibi yangu kule Nyeri, sijui hata unaitwaje.

Ndiyo maana mwalimu alipotutaka tueleze urithi na vivutio vya kijiji chochote, nilichagua hicho.

Jana Shosho alipiga simu. Aliuliza ninaandika nini, nikamwambia ni habari za kijiji, akasema, "Nisomee." Nikamtafsiria. Jina la kijiji nililiruka kwa sababu siwezi kulitamka. Kanisa la mawe kilimani. Ukungu wa asubuhi. Kondoo. Mto, na daraja la mawe.

"Kumbe mama yako huwa anakuambia habari za kwetu," akasema. "Ila daraja umelipamba. Letu ni magogo mawili."

Hapo ndipo nilipaswa kusema kwamba si kwetu.

Sikusema. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo mimi sijawahi kumpa. Akamwita jirani. "Mama Kariuki, kuja usikie. Huyu wetu wa Amerika anafundisha wazungu habari zetu." Akaniambia nisome tena.

Nikasoma tena. Mara ya kwanza sikuwa nimefikia jiwe na makaburi; mara hii niliyaruka makusudi, wasije wakanigundua.

Hicho ndicho kinachonichoma. Mara ya kwanza Shosho alikosea mwenyewe. Mara ya pili nilimdanganya, tena kwa uangalifu, kama ninavyosahihisha insha.

Asubuhi Mama amerudi kutoka zamu hospitalini akitabasamu. "Shosho amenipigia, anajivunia wewe. Hayo yote umeyatoa wapi?" Nikajifanya nina usingizi.

Sikuweza kukaa na uongo huo. Mama alipolala, nilimpigia Shosho.

"Shosho, kile kijiji si kwetu. Ni cha Uskoti."

Nilisikia kuku wake.

"Na uliposoma mara ya pili," akauliza, "ulikuwa unajua nimekosea?"

"Nilijua."

"Mama Kariuki ameshawaambia akina mama wote wa kanisa."

"Pole, Shosho."

"Pole ya nini? Mimi sitaenda kukusemea. Ngoja nimwite, umwambie kwa mdomo wako."

Akaiweka simu mahali. Ningeweza kukata. Niliishika kwa mikono miwili nikangoja, mpaka Mama Kariuki akaja, akanisalimu, akanipongeza.

Nikamweleza. Nilianzia kwenye daraja la mawe, lisilo letu.