Kufuli Liko Nje, Watu Wako Ndani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana nyumbani hakuna wa kumwambia kwa sababu jambo lenyewe liko humo humo nyumbani. Nina nyumba ndogo ya wageni, vyumba vichache tu, na mashuka yangu yote hufuliwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye kazi ya udobi nyuma ya maghala, na sijawahi kukanyaga huko kwa sababu gari lake huja, huchukua, hurudisha, mashuka yamepigwa pasi mpaka unaona haya kuyalalia, na bei yake rahisi kuliko wote, nami nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba nimebahatika wifi.

Jumanne gari liliharibika, nami nina wageni wanaingia mchana, nikayafuata mwenyewe, nikakuta kufuli kubwa linaning'inia mlangoni, nikadhani wamefunga kazi, nikageuka niondoke, ndipo nikasikia mashine zinanguruma na mtu anakohoa. Mshauri, kufuli liko nje na watu wako ndani. Nikazunguka nyuma kwenye dirisha la nondo, mvuke unatoka kama sufuria imefunuliwa, nikawaona wanawake wanne, magodoro yao chini ya kamba za nguo, na mmoja mkono umeungua kwa pasi, kaufunga kwa kipande cha foronya, na foronya ile naijua, ina ua nililotarizi mwenyewe. Nikawauliza mwenye ufunguo yuko wapi, wakatazamana, kisha yule mwenye mkono mbaya akasogea dirishani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, leo ni siku gani?"

Nikamwambia ni Jumanne. Akaniambia waliahidiwa kazi ya hoteli, hati zao za kusafiria anazo wifi, na mshahara wanaambiwa unakatwa nauli iliyowaleta, na nauli yenyewe haiishi. Nikamwendea wifi nikidhani atashtuka, kumbe ananicheka, ananimiminia juisi, ananiambia, "Wifi, wale nawalinda. Mji huu hawaujui, watapotea." Nikamweleza mume wangu nikitegemea atawaka, akazima televisheni akasema huyo ndiye aliyemsomesha, na nikifungua mdomo nitakuwa nimemfunga dada yake kwa mikono yangu. Sasa kila nikitandika kitanda nauona mkono ule. Je, nimwache tu kimya kimya nitafute dobi mwingine, au nifanyeje?

Mwenye nyumba ya wageni

JIBU

Mwanangu, barua yako sikuiacha ingoje zamu yake. Ningeichapa kwanza, wifi yako angeisoma akinywa chai, na wale wanawake wangehamishwa kabla gazeti halijafungiwa sabuni. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile, ukalia, nikakuacha ulie, kisha nikakukaripia. Leo nakujibu hapa kwa sababu wapo wengine wenye wifi kama wako.

Ulitaka kubadilisha dobi kimya kimya. Hapo ungekuwa umesafisha mashuka yako tu, na wao wangebaki na mvuke wao. Nilikukataza pia kwenda kugombana naye tena au kuvunja kufuli mwenyewe, maana mtu akishtuliwa huficha watu. Nilikwambia upige simu polisi na ofisi ya kazi, useme ulichokiona kwa macho yako, mlango, dirisha, mkono, bila kutia chumvi. Ukapiga. Kufuli likakatwa, hati zikakutwa kwenye mkoba wa wifi yako, naye akakamatwa, na wanawake wote wako mahali salama, yule wa mkono akiwa hospitali. Ukanisimulia kwamba walipotolewa nje hawakukimbia wala kushangilia, walisimama tu wamekinga macho kwa viganja. Tangu uniambie hivyo sijatulia.

Mumeo amehamia sebuleni. Nakuhurumia, si jambo dogo. Lakini usimwombe radhi. Mwambie hivi: aliyemfunga dada yako ni dada yako. Akitaka kumsaidia, amtafutie wakili na amhimize awalipe wale wanawake jasho lao.

Nawe usijifute machozi haraka hivyo. Bei ile ilikuwa chini kuliko ya kila mtu, na hukujiuliza hata mara moja ni nani anailipia nafuu hiyo. Dobi mpya usimpe hata taulo kabla hujafika kwake bila kumwarifu, ukazungumza na wafuaji yeye akiwa mbali. Waulize mshahara unaingia mkononi mwa nani, hati zao wanashika wenyewe, na wakitaka kuacha kazi kesho, nani atawazuia? Weka kwenye mkataba kwamba utarudi wakati wowote. Akinuna, huyo si wako. Anayekuletea mlinzi wa getini naye mfanyie hivyo hivyo.

Kuna jambo ulilitaja jana mwishoni mwa simu ukalipita kama si kitu, kwamba binti anayewapikia wageni wako chai uliletewa na wifi huyo huyo. Mwanangu, nilikupigia tena, hukupokea. Ukimaliza kusoma hapa, mketishe, mlango uwe wazi, umuulize alifikaje na mshahara wake anaushika nani. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.