Ulipomwita Yusufu Sebuleni

Baba yangu,

Mwanangu Yusufu amepata barua ya mönstring, ule mwito wa jeshini. Habari za mwito huo ulizipata ukiwa hai. Jirani alipokueleza kwamba Waswidi wameanza tena kuwaita vijana wa miaka kumi na minane, wapimwe macho, masikio na moyo, kisha waandikishwe jeshini, uliinuka kwenye kochi ukasema ni jambo jema. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikaendelea kukata. Leo nakuandikia kwa sababu sina pa kulisema hili. Kaka zangu nikiwaambia watanicheka.

Ulistaafu usajini lakini usajini haukukustaafu. Kule Morogoro, kila jioni kabla ya kula, ulitupanga barazani ukatuita majina, na kila mtu alijibu mwenyewe. Siku moja nikamjibia kaka yangu Hamisi aliyekuwa bafuni, ukanitoa kwenye mstari. Ulisema kwenye kikosi chenu hakuna aliyemjibia mwenzake, isipokuwa yule aliyekufa akabaki vitani. Jina lake likifika, platuni nzima ilijibu kwamba yupo, ili asifutwe. Nilikuwa na miaka minane. Ubwabwa wa jioni ile ulinishinda kula.

Mwaka wako wa mwisho hapa kwangu Bredäng, huku kwa Waswidi, akili ilipoanza kukutoka, ulirudia kuita majina. Uliketi sebuleni na koti lako zito kama vile uko nje, ukawaita wenzako waliobaki vitani: Mshamu. Chacha. Ndimbo. Uliita, ukasubiri, na kusubiri kwako kulinitesa. Nesi wa asubuhi alinishauri nisikubishie. Basi nikawa najibu mimi huku naosha vyombo, yupo, yupo, nawe unatulia. Nilizoea mno. Kuna siku nilijibu huku nikicheka na mtu kwenye simu, Mungu anisamehe.

Halafu Jumamosi ile, baada ya Ndimbo, ukaita, "Yusufu."

Ukasubiri. Mjukuu wako alikuwa chumbani kwake, muziki masikioni, hasikii lolote. Nami kwa mazoea tu nikasema, "Yupo."

Uligeuka ukanitazama, na macho yako siku hiyo yalikuwa mazima kabisa.

"Umemjibia wewe?"

Hukumwita mtu mwingine tena. Wiki tatu baadaye tulikuzika.

Tangu hapo sina amani. Kazini kwangu, shule ya chekechea, tukifanya mazoezi ya moto tunawapanga watoto uani na mimi ndiye ninayeshika karatasi ya majina. Majuzi katoto kamoja kakamjibia rafiki yake. Nilikafokea hadi wenzangu wakashtuka. Yule rafiki alikuwa nyuma yangu tu, anachezea theluji. Nilimkumbatia hadi akaanza kulia, na mkuu wangu akaniita pembeni kuniuliza kama nalala vizuri.

Yusufu alikwenda kupimwa siku mbili, akarudi anang'aa. Wamemchukua. Anaondoka shule zikifungwa. Nilimwomba aseme goti linamsumbua, aseme chochote. Alinijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, kisha akaona sijaridhika, akarudia kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie vizuri.

"Mama, babu alikwenda. Kwa nini mimi nisiende?"

Ningemwambia nini, baba? Kwamba babu yake alimpanga na maiti, na mama yake akaitikia?

Najua ulikuwa mgonjwa. Mchana, ndani ya treni, nikiwa na watu, najicheka. Lakini jioni nikiwa na sahani mkononi nakusikia unakohoa kidogo kule sebuleni, vile ulivyokohoa kabla ya kuanza. Nafunga bomba. Nasikiliza.

Nakupenda, na siku hizi nakuogopa. Nasema yote mawili kwa sababu hukutulea tuseme uongo. Waite wenzako utakavyo, hao nitawajibia hadi uzee wangu. Ila ukifika kwa Yusufu, nitanyamaza, hata ukisubiri mwaka mzima.

Binti yako wa pekee